Mtu Aliyefungua Daftari la Riba

 

Mwaka 1582, katika mji wa Antwerp, kilichapishwa kitabu kilichojaa majedwali. Safu kwa safu, tarakimu juu ya tarakimu. Majedwali hayo yalihusu riba: pesa hizi, kwa asilimia hii, baada ya miaka hii, zina thamani gani. Yalianzia asilimia 1 hadi 16, na kwenda mwaka wa kwanza hadi wa 30. Majedwali ya aina hiyo yalikuwapo hata kabla ya hapo. Wenye mabenki na wakopeshaji wakubwa waliyaandika kwa mkono na kuyatunza kwa siri, kwa sababu aliyekuwa nayo aliuona ukweli wote wa mkopo, na asiyekuwa nayo alikubali alichoambiwa. Mtu aliyeyakokotoa upya, akayaeleza, na kuyatoa yauzwe kwa yeyote ajuaye kusoma, aliitwa Simon Stevin.

Huyo ndiye ninayetaka tumjue jioni hii. Alikuwa mwanahisabati wa Uholanzi. Afrika hakuikanyaga kamwe, na jina lake halitajwi sana hata shuleni. Lakini kila mara unapoandika bei yenye senti baada ya nukta, kila mara fundi anaposoma mita 2 na sentimita 92 kuwa 2.92, kazi ya mtu huyo ipo mkononi. Na ile ya kwanza, ya majedwali ya riba, nadhani sisi watu wa Sarang'ombe, hapa Kibera, Nairobi, tunaihitaji leo kuliko walivyoihitaji watu wa Antwerp wakati ule.

Stevin alizaliwa mwaka 1548 katika mji wa Bruges, ambao leo uko Ubelgiji. Mama yake, Cathelyne van der Poort, na baba yake, Antheunis Stevin, hawakuwa wameoana. Hakulelewa katika nyumba ya wasomi, wala hakupelekwa chuo kikuu akiwa kijana. Aliingia kazini: akaweka vitabu vya hesabu na kushika pesa za wafanyabiashara huko Antwerp, kisha akawa karani katika ofisi ya fedha ya wilaya ya Bruges. Katikati ya kazi hizo alisafiri hadi Prussia, Poland na Norway. Kufikia 1581 alikuwa amehamia Leiden, upande wa kaskazini. Nchi ilikuwa vitani, majimbo yake yakipigania kujitoa chini ya mfalme wa Uhispania, na watu wengi wa kusini walikuwa wakihamia kaskazini na ujuzi wao. Mwaka 1583 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, mtu mzima wa miaka 35 hivi, tayari ana kitabu kimoja sokoni.

Baadaye alimfundisha hesabu Maurits wa Nassau, mwana mfalme aliyeongoza majeshi ya Uholanzi. Akawa mhandisi wake, akasimamia kambi za jeshi, akashauri juu ya ngome na mifereji. Alitengeneza vinu vya upepo vya kuvuta maji mashambani. Kwenye ufuo wa Scheveningen alipeleka gari lenye matanga lililobeba abiria zaidi ya 20 na kusukumwa na upepo peke yake. Mwaka 1586 alichapisha kitabu cha mizani na uzito. Pia, akishirikiana na rafiki yake Jan Cornets de Groot, aliangusha mipira miwili ya risasi kutoka urefu wa futi 30, mmoja ukiwa na uzito mara kumi ya mwenzake. Mlio wa mipira kugonga ubao ulisikika kama mmoja. Mafundisho ya Aristotle, yaliyosema kizito huanguka upesi kwa kadiri ya uzito wake, yakatikiswa kwa ubao na mipira miwili. Stevin aliaga dunia mwaka 1620.

Ningeweza kuzungumza saa nzima juu ya mipira na magari ya matanga. Lakini nataka turudi kwenye yale majedwali, maana yalitoka kwa mtu aliyeijua pesa akiwa karani, aliyekuwa upande wa meza ambako wakopaji walikuja na kuondoka bila kujua hesabu ilivyofanywa.

Tuangalie huku kwetu. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Mwaka 2012 M-Shwari ikazinduliwa, na mkopo ukaingia ndani ya simu. Hakuna foleni, hakuna mdhamini, hakuna hati. Hilo ni jambo kubwa, na sitalidharau, kwa sababu mama mboga aliyekuwa hana benki yoyote inayomtazama alipata mtaji wa kuamka nao kwenda sokoni. Lakini tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu kama unayo.

Wakopaji wengi wanakijua kiwango cha asilimia 7.5 kwa siku 30. Umekopa shilingi 1,000. Mwezi ukiisha unarudisha 1,075. Shilingi 75 si pesa nyingi. Sasa tuseme mwezi umeisha huna kitu, ukakopa upya mahali pengine kwa kiwango hichohicho ili kulipa lile la kwanza. Mwezi wa pili unadaiwa 1,155.63. Mwezi wa tatu, 1,242.30. Mwezi wa sita, 1,543.30. Ukiendelea hivyo kukopa ili kulipa, deni linapita 2,000 kabla mwezi wa kumi haujaisha, na mwisho wa mwaka ni shilingi 2,381.78. Zile 75 za mwezi wa kwanza zimezaa 1,381.78. Hiyo ni zaidi ya asilimia 138 kwa mwaka, na ulipokuwa ukikopa hakuna aliyekutajia asilimia 138.

Sasa tuongee kuhusu shailoki, yule wa mtaani anayeshika kitambulisho chako, au televisheni yako, mpaka ulipe. Tuseme yeye anataka asilimia 20 kwa mwezi. Kwa njia ileile, 1,000 inapita 2,000 kabla ya mwezi wa nne kuisha. Mwaka ukifika ni 8,916. Tena kuna wanaotoza kwa siku. Shilingi 5 kila siku juu ya mkopo wa 500: nani ataogopa shilingi 5? Lakini siku 30 ni shilingi 150, yaani asilimia 30 kwa mwezi, na bado lile deni la 500 liko palepale, halijaguswa.

Hesabu hizi nimezifanya kwa kuzidisha tu. Zidisha 1,000 kwa 1.075, jibu lizidishe tena kwa 1.075, na tena, mara kumi na mbili. Mtoto wa darasa la sita mwenye simu ya kawaida anaweza. Hicho ndicho alichokifanya Stevin: alizidisha kwa subira, mwaka baada ya mwaka, kiwango baada ya kiwango, ili mtu mwingine asilazimike kuzidisha bali afungue ukurasa na kusoma. Kukopa bila kuona jedwali ni kama kununua mahindi kwa gorogoro ambalo kitako chake kimebonyezwa ndani: kipimo unakiona, limejaa hadi juu, na bado umepunjwa.

Nawasikia wengine wakisema, mwenye shida hakopi kwa jedwali. Mtoto ameshikwa na homa saa saba za usiku, mama atauliza asilimia? Hatauliza, na hatumlaumu. Ndiyo maana hesabu hii haifai kuachiwa usiku wa homa. Inafaa ifanywe mchana, na wengi, kabla shida haijaingia. Chama cha akiba kikijua kwamba mwanachama wake anakopa nje kwa asilimia 20 kwa mwezi, kinaweza kuamua kutoa mkopo wa dharura kwa asilimia 2 au 3, na pesa hiyo ya riba ibaki ndani ya chama. Uamuzi kama huo hauwezi kufanywa na watu wasioona tofauti kati ya 1,268 na 8,916 mwisho wa mwaka. Kwa maana hiyo ndiyo tofauti yenyewe: 1,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi inakuwa 1,268 baada ya mwaka; kwa asilimia 20 inakuwa 8,916.

Na sheria ipo upande wa anayeuliza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Baada ya malalamiko mengi ya wakopaji, hasa wale ambao jamaa na marafiki zao walipigiwa simu na kuaibishwa, sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa mwaka 2021, na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikaanza kutumika mwaka 2022. Sasa mkopeshaji wa aina hiyo anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, amweleze mkopaji gharama kabla hajakubali, na hana ruhusa ya kupekua majina yaliyo katika simu yako ili kukutia aibu. Lakini haki ya kuelezwa inamsaidia tu anayeweza kuyapima aliyoelezwa.

Tuje sasa kwenye kazi yake ya pili, ile inayomfanya atajwe katika historia ya hesabu. Mwaka 1585 alitoa kijitabu chembamba kiitwacho De Thiende. Ndani yake alieleza namna ya kuandika sehemu za kitu kwa makumi: sehemu ya kumi, ya mia, ya elfu, na kuzijumlisha, kuzitoa, kuzizidisha na kuzigawa kwa njia ileile tunayotumia kwa nambari nzima. Alama zake zilikuwa nzito kidogo, tarakimu zilizozungushiwa duara. Nukta tunayoandika leo ililetwa na waliomfuata. Wazo lenyewe pia lilikuwa na wazee wake. Al-Uqlidisi aliandika sehemu za makumi huko Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand alizitumia kwa ustadi mkubwa katika kitabu chake cha 1427. Kilichokuwa kipya kwa Stevin ni wale aliowaandikia. Mwanzoni mwa kijitabu aliwasalimu kwa kazi zao: wanajimu, wapima ardhi, wapima mazulia, wapima mapipa ya divai, wasimamizi wa sarafu, na wafanyabiashara wote. Wengi wao walikuwa watu wa sokoni na kiwandani.

Ili uone alichokuwa akikipigania, jiulize babu zetu walihesabuje pesa. Mwanzoni mwa ukoloni, pesa ya huku ilikuwa rupia. Rupia moja ilikuwa na anna 16, na anna moja pice 4. Nunua vitu vitatu, kila kimoja rupia 1, anna 5 na pice 3. Jumla? Pice 9 ni anna 2 na pice 1. Anna 15 ukiongeza 2 ni 17, yaani rupia 1 na anna 1. Jibu ni rupia 4, anna 1, pice 1. Mnunuzi asiye mwepesi alikuwa ameshindwa kabla hajafungua kibindo. Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walibadilisha rupia yao mwaka 1904, ikawa na heller 100. Upande wetu nao rupia ikagawanywa kwa senti 100, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, yenye senti 100. Kwa hiyo msichana wa sokoni Nairobi alikuwa akijumlisha kwa makumi na mamia miaka 50 kabla ya Waingereza huko kwao, ambao shilingi yao iligawanywa kwa peni 12, na paundi kwa shilingi 20, hadi Februari 1971. Stevin alikuwa amezisihi serikali zifanye hivyo tangu 1585.

Sisi hatujamaliza safari hiyo. Sarang'ombe tunapanga chumba cha futi 10 kwa 10, ploti tunaiita 50 kwa 100, misumari na mbao tunanunua kwa inchi, halafu simenti kwa kilo na maji kwa lita. Mfikirie fundi anayetaka kumwaga sakafu. Chumba kina urefu wa futi 10 na inchi 4, upana futi 9 na inchi 7. Kwa futi, lazima abadilishe vyote viwe inchi, 124 kwa 115, azidishe apate 14,260, agawanye kwa 144, apate futi za mraba 99 na kitu. Kisha aanze upya kutafuta ujazo wa sakafu. Ageuze tepu upande wa pili: mita 3.15 kwa 2.92. Akizidisha anapata mita za mraba 9.198. Sakafu ya unene wa sentimita 5 ni kuzidisha kwa 0.05, karibu mita za ujazo 0.46. Hapo anajua achanganye kiasi gani, na mwenye nyumba naye, akiwa na tepu yake, anaweza kufuata hesabu hatua kwa hatua. Fundi mwaminifu atafurahi, kwa kuwa kazi yake nzuri sasa ina shahidi.

Mama wa nyumbani naye ana faida yake. Tunanunua kadogo kwa sababu pesa inaingia kidogo kidogo. Tuseme mafuta ya kupikia ya shilingi 20 yanajaza mililita 50. Mililita 1,000 ni mara ishirini ya hapo, kwa hiyo lita unainunua kwa shilingi 400. Ikiwa lita nzima dukani ni 300, kila lita tunayoipitisha kwenye vikombe vidogo inatutoa shilingi 100 zaidi. Majirani wanne wakichanga 75 kila mmoja, wananunua lita na kugawana mililita 250. Hesabu haikuongeza mshahara wa yeyote kati yao. Imewaonyesha pesa inakovujia, na namna ya kuziba.

Kazi yake ya tatu naipenda kuliko zote. Mwaka 1600, Maurits alitaka shule ya kufundisha wahandisi na wapima ardhi, na Stevin akaandika mpango wa masomo. Shule iliwekwa Leiden, ubavuni mwa chuo kikuu. Katika chuo kikuu lugha ilikuwa Kilatini, na fundi mwashi au seremala hakuwa na la kufanya pale. Katika shule ya Stevin masomo yalikuwa kwa Kiholanzi, lugha ya soko na ya jikoni. Aliagiza wafundishwe kinachotumika: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, sehemu na makumi, kisha kupima ardhi. Nusu saa mwalimu azungumze na wote. Nusu saa iliyofuata awajibu mmoja mmoja wale ambao hawakuelewa. Wakati wa kiangazi watoke wakafanye kazi hasa, uwanjani na kwenye maboma.

Na nani alipewa kufundisha? Mmoja wa walimu wawili alikuwa Ludolph van Ceulen, mwalimu wa mchezo wa upanga, mtu ambaye Kilatini hakukijua. Van Ceulen ndiye aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akikokotoa uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, ile tunayoiita pai. Mwaka 1596 alitoa tarakimu 20 baada ya nukta, na alipofariki mwaka 1610 alikuwa amefika 35. Wakazichonga kwenye jiwe la kaburi lake katika kanisa la Pieterskerk huko Leiden. Mwenzao mdogo, Willebrord Snellius, alipima sehemu kubwa ya Uholanzi kwa pembetatu zilizounganishwa toka mnara hadi mnara, akachapisha matokeo mwaka 1617. Kwa njia hiyohiyo ya pembetatu, wapima ardhi walipima mstari mrefu wa kutoka Cape hadi Cairo, kupitia Tanganyika na Uganda, kazi iliyokamilika mwaka 1954.

Kwa nini nawaambia watu wa Kibera habari za wapima ardhi? Kwa sababu sisi tunajua kuishi mahali ambapo kalamu ya mpimaji iliamua kila kitu. Wanubi, waliokuwa askari wa mkoloni, waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na eneo lililotengwa mwaka 1918 lilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Walipopewa hati ya jamii mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Kwa muda mrefu, ukifungua ramani za Nairobi za matumizi ya kila mtu, uliona Ngong Road, uliona reli, na hapa katikati ukaona pametupu, kana kwamba hapaishi mtu. Mwaka 2009 kundi la vijana wa humu humu, katika mradi wa Map Kibera, walichukua vifaa vya kupimia mahali kwa setilaiti, wakatembea vichochoro, wakaweka kwenye ramani visima, vyoo, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Mwaka huohuo sensa ikahesabu watu 170,070 Kibera, ilhali watu walikuwa wakisema milioni. Mtu anaweza kubishana na hesabu ya sensa. Na wengi wamebishana. Lakini abishane kwa hesabu yake, aliyoifanya mwenyewe, mtaa kwa mtaa, kama wale vijana.

Sitaki kumpamba Stevin. Alimtumikia mwana mfalme, na ujuzi wake ulijenga ngome za vita. Mwaka 1599 aliandika kitabu cha kuwasaidia mabaharia kutafuta bandari. Miaka mitatu baadaye Waholanzi wakaunda kampuni yao ya biashara ya mashariki, na mwaka 1607 meli zao zilikuwa huku pwani ya Afrika Mashariki, zikiizingira ngome ya Wareno katika kisiwa cha Msumbiji. Watu wa bahari hii walionja uchungu wa biashara ile, utumwa ukiwamo. Kwa hiyo sisemi kwamba hesabu ikifunguliwa, wema unaingia wenyewe. Nasema kwamba hesabu huwatumikia walio nayo. Ikibaki kwa wanaokopesha, wanaopima na wanaouza, itawatumikia wao, leo kama zamani. Wanaokopa, wanaopimiwa na wanaonunua wakiishika, itabidi iwatumikie nao pia.

Nasi tunayo lugha ya kuishikia. Tanzania wamefundisha hisabati katika shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na maneno yote yapo: riba, asilimia, desimali, kipenyo, ujazo, uwiano. Huku Kenya, watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wanatakiwa wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na eneo letu hili linaongea Kiswahili. Kuanzia la nne wanaingia katika Kiingereza. Sipingi Kiingereza. Lakini mzazi wa mtaa wetu wa Gatwekera anayetaka kumsaidia mtoto wake hesabu za riba, na mtoto anayetaka kumweleza mama yake deni la simu, wanahitaji hesabu hiyo katika lugha wanayoongea mezani. Stevin aliona hivyo kwa Waholanzi wake, akabuni hata maneno pale yalipokosekana. Sisi hayakosekani.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayatoa kwa dhati.

La kwanza ni kwenu wenye vyama. Mkutano ujao, mpeni mtoto wa shule karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito. Aandike shilingi 1,000 juu, kisha safu tatu: asilimia 2 kwa mwezi, asilimia 7.5, na asilimia 20. Ajaze miezi 12. Ibandikeni ukutani anapoketi mweka hazina, na isiondoke hapo. Kila mwanachama anayetaka kukopa popote, aipitie kwanza.

La pili ni kwa yeyote anayekopesha, awe kampuni au mtu binafsi. Mwambie mkopaji mambo matatu kabla hajakubali: atarudisha jumla ya shilingi ngapi, lini, na akichelewa mwezi mmoja itakuwa ngapi. Kwa Kiswahili, na kwa shilingi. Nawe mkopaji, usipoyasikia hayo matatu, uliza. Ukikosa jibu, hapo hapo umeshajua la kufanya.

La tatu ni kwa walimu, na nawaheshimu sana, kwa kuwa najua madarasa yenu yana watoto wangapi. Fundisheni desimali kwa risiti ya duka, kwa tepu ya fundi, kwa ujumbe wa mkopo ulioingia katika simu ya mzazi. Wapeni watoto kazi ya kwenda kupima chumba chao na kurudi na jibu la mita za mraba. Atakayeshindwa, mpeni ile nusu saa ya pili.

Wakopeshaji wa Antwerp waliamini majedwali yao ni mali yao peke yao, na karani mmoja akaamua kwamba ni mali ya kila anayelipa. Uamuzi huo hauhitaji ofisi wala shahada, na mtu yeyote wa Sarang'ombe au Kawangware anaweza kuuchukua kesho asubuhi kwa karatasi moja.